Maabara Ipo Ndani ya Gunia la Makaa

Mama aliyezoea kununua makaa katika soko la Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo, hategemei macho tu. Anatoa vipande viwili kwenye mdomo wa gunia, anavigonganisha karibu na sikio, kisha anaamua. Vikitoa sauti kavu ya juu, bei inazungumzika. Vikitoa sauti butu, anajua kwamba yalitolewa tanuruni kabla ya wakati, kwamba yatamjazia moshi jikoni, na anahamia kwa muuzaji mwingine. Mama huyo anafanya kemia. Anapima kwa sikio namna atomu za kaboni zilivyojipanga ndani ya kipande cheusi alichokishika, na kipimo chake ni cha kweli.

Siku hiyohiyo mwanawe yuko darasani, katika sekta ya Mutambala au ya Tanganyika, ananakili kutoka ubaoni, kwa Kifaransa, maana ya alotropia: hali ya elementi moja kuwa na maumbo zaidi ya moja. Chini ya maana hiyo kuna orodha fupi, almasi, grafiti na nyinginezo. Ataikariri kwa ajili ya mtihani wa taifa, ataijibu akiulizwa, na baada ya hapo haitamhusu tena. Naiona hii kuwa hasara kubwa, tena isiyo ya lazima. Katika kemia yote ya sekondari, somo la alotropia ndilo ambalo mtoto wa Fizi angeweza kulishika kwa mikono yake bila shule kununua hata chupa moja ya maabara. Tunalitupa.

Neno alotropia lilitungwa na mkemia wa Sweden, Jöns Jakob Berzelius, mwaka 1841, lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuwaduwaza watu kabla yake. Mwaka 1772 Antoine Lavoisier wa Ufaransa alikusanya mwanga wa jua kwa lenzi kubwa na kuuelekeza juu ya almasi iliyofungiwa ndani ya chombo cha kioo. Almasi ikaungua ikatoweka, na hewa iliyobaki chomboni ilikuwa ya aina ileile inayotoka makaa yanapoungua. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alimaliza ubishi. Alichoma almasi na makaa ya uzito sawa, akapata kaboni dioksaidi kwa kiasi kilekile. Jiwe la kwenye taji la mfalme na kipande cha kuchemshia maharage vilikuwa kitu kimoja.

Kinachovitenganisha ni mpangilio. Ndani ya almasi kila atomu ya kaboni imeshikana na nyingine 4, zimeelekea pande zote, kwa umbali wa nanomita 0.154, na mshikamano huo hauna mahali unapokatika hadi ukingo wa jiwe. Ndani ya grafiti, ile nyeusi ya kwenye penseli, kila atomu imeshikana na 3 tu, zote katika tabaka moja bapa, na matabaka yamelaliana kama kurasa za daftari, yakiachana kwa nanomita 0.335. Mkono ukisukuma penseli, kurasa zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Tena kila atomu ya grafiti ina elektroni moja iliyo huru kutembea ndani ya ukurasa wake, ndiyo maana grafiti inapitisha umeme. Almasi haina elektroni ya kuachilia, kwa hiyo haipitishi. Moja inakata kioo. Nyingine mafundi huipaka ndani ya kufuli lililokwama ili liteleze.

Na makaa je? Wakemia wenye msimamo mkali watasema makaa si alotropu kamili, na wana haki kiasi. Lakini ubishi huo ndio mahali patamu pa somo, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Mchoma makaa wa milima ya Fizi anapanga magogo, anayafunika kwa nyasi na udongo, anaacha matundu machache ya hewa, anawasha. Mwanzoni moshi ni mweupe na mzito. Huo ni mvuke wa maji yaliyokuwa ndani ya mti. Baadaye unageuka wa manjano na kuwasha macho, kwa sababu lami na gesi za mti zinatoka. Ukishakuwa mwembamba, wenye rangi ya samawati, anajua kazi imekwisha na anaziba matundu. Akichelewa, hewa inaingia, kaboni inaondoka angani na yeye anabaki na majivu, ambayo si kaboni bali ni chumvi za kalsiamu na potasiamu ambazo mti ulizivuta kutoka ardhini. Akiziba kwa wakati, kinachobaki ni kaboni iliyojaa vikurasa vidogo mno vya grafiti, vimevurugika, kimoja kimelala, kingine kimesimama, vimefungamana kombo na kuacha mianya mingi kati yake.

Aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi ni Rosalind Franklin. Wengi wanamjua kwa picha za eksirei zilizosaidia kufichua umbo la DNA, lakini kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1947, alikuwa Paris akichunguza kaboni. Mwaka 1951 alichapisha aliyoyaona. Ziko kaboni ambazo ukizipasha hadi nyuzi 3,000 zinajipanga na kuwa grafiti. Ziko nyingine ambazo hazikubali hata kwa joto hilo, kwa kuwa vikurasa vyake vilifungamana kombo tangu mwanzo. Makaa ya mti ni ya kundi hili la pili. Mti hauyeyuki unapochomwa, kwa hiyo vikurasa havipati nafasi ya kuteleza na kulaliana. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba swali lililomo ndani ya gunia la makaa lilimshughulisha mwanasayansi wa kimo chake kwa miaka kadhaa.

Basi makaa hutofautiana kwa joto yaliyopitia. Yaliyochomwa chini ya nyuzi 500 hivi karibu hayapitishi umeme. Yaliyopita nyuzi 800 yanapitisha. Joto likizidi, lami na gesi zinakwisha, vikurasa vinakua, kipande kinakuwa kigumu na kikigongwa kinalia. Mama wa sokoni alikuwa anasoma joto la tanuru ambalo hakuliona, lililowashwa msituni mbali na yeye. Na mwalimu anaweza kuonyesha hayo darasani kwa betri 3 za redio, waya, taa ndogo iliyotolewa kwenye tochi mbovu, vipande vya makaa kutoka magunia tofauti, na penseli iliyochongwa ncha zote mbili. Penseli itawasha taa. Makaa mengine yatawasha, mengine yatagoma. Darasa zima litataka kujua kwa nini, na mwalimu atakuwa na jibu.

Jioni somo linaendelea nyumbani, kwenye kiberiti. Ubavu wa kisanduku, pale tunapokwangulia kijiti, umepakwa fosforasi nyekundu. Elementi hiyohiyo ina sura nyingine, fosforasi nyeupe, ambayo Mjerumani Hennig Brand aliipata mwaka 1669 alipokuwa akichemsha mkojo akitafuta dhahabu. Fosforasi nyeupe ina molekuli za atomu 4 zilizobanana katika pembe finyu mno, zisizotulia. Inawaka yenyewe hewani kwenye joto la karibu nyuzi 30, kwa hiyo mchana wa jua kali Baraka isingehitaji hata kukwanguliwa. Inahifadhiwa ndani ya maji. Ni sumu kali. Katika karne ya 19 viberiti vilitengenezwa kwayo, na wafanyakazi wa viwandani, wengi wao wanawake na wasichana, walioza mifupa ya taya wakiwa hai. Wale wa kiwanda cha Bryant & May, London, waligoma mwaka 1888. Mwaka 1906, mjini Bern, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku viberiti vya fosforasi nyeupe.

Kilichowezesha marufuku hiyo ni alotropia. Katika miaka ya 1840, mjini Vienna, Anton Schrötter alionyesha kwamba fosforasi nyeupe ikipashwa hadi kama nyuzi 250 mahali pasipo hewa inageuka kuwa nyekundu. Atomu ni zilezile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Molekuli za pembe finyu zimefunguka na kushikana katika minyororo. Sumu imetulia. Msuguano wa kijiti unabadilisha chembe ndogo sana ya nyekundu kuwa nyeupe, inawaka papo hapo, na moto unarukia kichwa cha kijiti. Kila anayewasha taa ya mafuta au moto wa kupikia huko Lusenda au Katanga ya Fizi anabadilisha alotropu moja kuwa nyingine kwa vidole vyake. Mtoto wa sekondari anaandika jina la fosforasi nyekundu kwenye daftari usiku, na hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo iliyowasha taa anayosomea.

Kuna jambo moja ambalo kutolielewa kunaua, nalo nalisema kwa uzito. Ile mianya kati ya vikurasa vya makaa ndiyo inayonasa harufu na rangi ndani ya maji. Viwandani makaa hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 ili mianya izidi, na gramu 1 ya makaa hayo inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000 na zaidi. Hospitalini hutumika kwa mtu aliyemeza aina fulani za sumu. Kwa hiyo ni rahisi mtu aamini kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yaliyochujwa kwa makaa ya kawaida ni salama. Yanaweza kutoka meupe, yasiyo na harufu, na bado yakawa na vijidudu vya kipindupindu. Fizi na Baraka ni miongoni mwa maeneo ya Kongo ambako kipindupindu hakiishi kurudi. Makaa hunasa; hayaui. Maji yatiwe klorini au yachemshwe hata baada ya kuchujwa. Mwanafunzi aliyeelewa umbo la makaa ataeleza hayo nyumbani kwa sababu anajua, na mama yake atamsikiliza.

Bati, lile linalotoka kwenye kasiteriti ya Kivu, nalo lina sura mbili. Juu ya nyuzi 13.2 ni metali nyeupe inayong'aa. Chini ya hapo sura iliyo imara ni ya kijivu, tena inachukua nafasi zaidi kwa asilimia 27 hivi, kwa hiyo metali inavimba na kusagika kuwa unga. Mwambao wa Baraka, ulio kando ya ziwa la mita 773 juu ya bahari, haufikii baridi hiyo. Milima ya Itombwe, inayopita mita 3,000, inaifikia usiku. Mbona basi lehemu ya ndani ya redio za huko, ambayo sehemu yake kubwa ni bati, haisagiki? Kwa sababu mabadiliko hayo ni ya polepole mno, yanahitaji baridi kali ya chini ya sifuri ili yashike kasi, na metali nyingine zinazochanganywa kwenye lehemu zinayazuia. Dhahabu ya Misisi, hapa Fizi, haina visa hivi. Katika hali tunayoishi ina mpangilio mmoja tu.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza. Nchi yetu imewahi kupoteza riziki ya mkoa mzima kwa sababu ya alotropia. Almasi ya kwanza ya Kasai ilipatikana mwaka 1907. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita Kongo ilikuwa ya kwanza duniani kwa uzito wa almasi ilizochimba, na nyingi hazikuwa za pete bali za viwandani, za kukatia mawe, kunolea vyuma na kutobolea visima. Mbuji-Mayi ulikua mji mkubwa juu ya almasi hizo, na kampuni ya MIBA iliundwa mwaka 1961 kuzichimba. Lakini Desemba 1954, katika maabara ya General Electric huko Schenectady, jimbo la New York, Tracy Hall alikuwa amekwisha kutengeneza almasi kwa mashine, kwa kuibana kaboni kwa nguvu ya makumi ya maelfu ya mara ya mgandamizo wa hewa, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Malighafi inayotumika viwandani ni grafiti, ndugu mnyonge wa kwenye penseli. Leo karibu almasi zote za viwandani hutengenezwa hivyo, na China ndiyo inayoongoza.

MIBA ilizama kwa sababu nyingi, na siwaondolei lawama walioila. Hata hivyo, hata pasingekuwa na wizi, mashine zingeukuta mgodi ule vilevile, kwa sababu tulikuwa tunauza kitu na wenzetu walikuwa wamejifunza kupanga atomu. Angalia ng'ambo ya pili ya ziwa. Tanzania ina grafiti nyingi Mahenge na Lindi, na dunia inaitaka kwa betri za magari ya umeme. Lakini grafiti ya mgodini haiingii kwenye betri hivihivi. Husafishwa hadi ibaki kaboni karibu tupu, na chembe zake hukunjwa kuwa za mviringo, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanyika China. Fizi nayo inauza kwa uzito: dhahabu kwa gramu, makaa kwa gunia. Kwenye mizani tunajua bei. Kwenye mpangilio wa atomu, ambako thamani inazaliwa, hatuna mtu. Na mtu huyo haanguki kutoka mbinguni. Anaanza akiwa na miaka 14, kwenye darasa ambalo penseli imewasha taa.

Hapo linaingia suala la lugha. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha hizo nafasi ya kufundishia. Sekondari bado ni Kifaransa. Vuka ziwa uende Kigoma: mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani anajifunza kaboni kwa Kiingereza. Wawili hao wangekutana kwenye boti wangeelewana kwa kila kitu isipokuwa kemia. Na msamiati upo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia taasisi yake ya Kiswahili, kilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Siombi Kifaransa kiondolewe, maana mtihani uko kwa Kifaransa na mtoto lazima aushinde. Naomba mwalimu aeleze kwanza kwa Kiswahili, vitu vikiwa mezani, kisha aandike ubaoni kwa Kifaransa. Mtoto atakuwa ananakili kitu alichokwisha kukiona.

Wapo watakaosema kwamba ni mapema kuzungumza atomu mahali ambapo vita vimewahamisha watu tena na tena tangu 1996, ambapo shule zimechomwa, na mwalimu hulipwa kwa mashaka. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa sababu wengi wao wamezika. Lakini sikubaliani nao. Maabara yenye vifaa ndiyo inayohitaji amani, bajeti na barabara. Kipande cha makaa hakihitaji chochote kati ya hivyo, na familia inapokimbia hubeba kiberiti. Kama kuna sayansi iliyoumbwa kwa ajili ya shule isiyo na kitu, ni hii. Kumnyima mtoto wa mkimbizi kwa hoja kwamba maisha yake ni magumu ni kumwongezea ugumu mwingine, ambao hautaonekana hadi atakapokuwa mtu mzima.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kemia wa Fizi na Baraka: mwaka huu, siku ya somo la alotropia, msianze na ubao. Wanafunzi waje na makaa, penseli na kisanduku cha kiberiti. Wagonge, waandike, wakwangue, wawashe taa, kisha ndipo maana iandikwe. Nawaomba maprefe wa shule watenge fedha kidogo ya betri na waya, na wakaguzi wa elimu wanapopita madarasani waulize wanafunzi wameshika nini, pamoja na kukagua daftari. Na wewe mzazi, mtoto akikuomba vipande vitano vya makaa kutoka gunia lako avipeleke shule, usimfokee kwamba anapoteza. Mpe, na akirudi mwambie akueleze alichokiona.